Mbolea tumepata, dumuzi je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mahindi, ila si yaliyoko shambani. Tangu msimu wa 2022/23, Serikali ilipoanza kutoa mbolea ya ruzuku, huku Urambo mikutano ya kijiji ni usajili, DAP na Urea. Sina ugomvi na hilo, mavuno yameongezeka. Lakini chakula cha nyumbani kwangu sikihesabu kwa magunia ya Juni. Nahesabu ninayoyakuta Januari.

Msimu uliopita niliweka magunia 6 ya kula. Krismasi ilipokaribia, mke wangu akavuta gunia la tatu, likaja jepesi kama la pumba. Kwenye mshono ulikuwa unamwagika unga laini, ungedhani umetoka mashineni. Punje zenyewe matundu matupu.

Hiyo ni kazi ya dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi yaliyohifadhiwa. Wengine wanamwita Scania, kwa jina la lori, na asili yake ni Amerika ya Kati. Afrika ilimjua kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka 40 na zaidi! Makopa ya muhogo nayo hayaachi. Kwa kumwogopa, majirani wengi wanauza mahindi yote kwa walanguzi yakiwa bado bei ya chini, kisha Februari wanayanunua kwa debe.

Kumzuia kunajulikana: usihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, pukuchua, kausha kwenye turubai, changanya na dawa ya unga kwa kipimo, au tumia mifuko ya kinga njaa, ile yenye plastiki mbili ndani. Ukiifunga vizuri hewa inaisha na mdudu anakufa bila dawa. Kujua kama mahindi yamekauka, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, subiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Nilijifunza hayo nikiwa nimeshapata hasara, kwa shemeji yangu wa Kaliua.

Tumbaku, ambayo haiingii chunguni, ina bani lake la kukaushia na mtu wa kuikagua. Mahindi yanalala chini ya kitanda. Kwa nini ruzuku iishie kwenye mfuko wa mbolea, isifike kwenye mfuko wa kuhifadhia? Duka la pembejeo ni lile lile, namba ya usajili ni ile ile.

Bwana shamba wetu huja Novemba kutupimia nafasi kati ya shina na shina. Namwomba aje tena Juni, na chupa yake ya chumvi.

Mkulima,
Urambo, Tabora