Barua kwa mwanangu aliye Verbier

Kadutu, Bukavu, mwezi wa Julai

Mwanangu Bahati,

Salamu nyingi toka nyumbani. Tangu tulipoagana pale mpakani Ruzizi, mama yako haishi kuuliza huko ni saa ngapi. Namjibu kila mara: majira haya saa ya Uswisi na ya Bukavu ni moja. Hata urefu ni ule ule, Verbier iko karibu mita 1,500 juu ya bahari kama sisi. Kwa hiyo milima isikutishe. Pumzi unayopandia vilima vya Kadutu ndiyo utakayopulizia huko. Ila jioni za huko zina baridi, na hiyo baridi ndiyo inayoniandikisha.

Katika fanfari, ile bendi ya tarumbeta ya parokia, ulizoea kupuliza toka mlango wa kanisa hadi mwisho wa maandamano. Sasa uko kwenye okestra ya vijana wa miaka 15 hadi 18, na mpiga tromboni, hilo tarumbeta letu refu la kuvuta, kwenye okestra hukaa kimya kuliko anavyopiga. Chukua Simfoni ya Tano ya Beethoven. Sehemu tatu nzima tromboni hazitoi noti hata moja, halafu ya nne inapofunguka zinaingia papo hapo, kwa nguvu, watu wote wakisikia.

Mimi kungoja kuliwahi kunishinda. Nilikuwa na miaka 19, tuko kwenye sherehe, mvua imetoka kunyesha, wageni wamechelewa. Tulikaa saa nzima vyombo vikiwa magotini. Niliona haya kupulizapuliza wakati wenzangu wametulia. Ishara ilipotolewa, noti yangu ya kwanza ilitoka chini ya wote, midomo imekauka kama ngozi ya ngoma. Niliivuta kulisi, lile bomba la tromboni linaloteleza, nikaipata sauti, lakini mwanzo ulikuwa umekwisha haribika, na mwanzo haurudiwi. Jioni ile mwalimu wetu alinieleza jambo ambalo sijalisahau: hewa iliyo ndani ya bomba ikipoa, sauti hupita humo polepole zaidi, ndipo noti inashuka.

Kwa hiyo, baba, kuona haya kuweke kando. Zikibaki mezure kumi na tano hivi, yaani vile vipimo vya mapigo tunavyohesabu, kabla ya kuingia, pitisha pumzi ya moto ndani ya tromboni bila kutoa sauti, taratibu, kama mtu anayepulizia kioo cha miwani akifute. Ule mdomo wa chombo unaopulizia ufumbate kiganjani muda wote wa kungoja. Maji yanayojikusanya ndani ya bomba yamwage mapema, si dakika ya mwisho. Mezure zihesabu mwenyewe kwa vidole juu ya goti. Jirani yako akipotea, msipotee wawili. Na unapohesabu, sikiliza. Kabla tu hamjaingia, timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinagonga chinichini na fidla zinapanda kidogokidogo. Nimesikiliza pale kwenye simu mara nyingi, na bado mwili unanisisimka.

Mafuta ya midomo yako kwenye mfuko mdogo wa begi. Kile kipande cha kikwembe alichokukatia mama yako ni cha kufutia kulisi tu, usifutie viatu. Anakwambia pia ule vizuri.

Tuandikie konseri inaanza saa ngapi. Tutakaa nje tukitazama ziwa, simu tumeizima, tuhesabu pamoja nawe.

Baba yako