Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwongozo Umfikie Opereta Akiwa Bado Kwenye Mtambo

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya imo kwenye makabrasha mliyogawiwa mlangoni. Mimi nitautumia muda wangu kwa jambo moja lililotawala vikao vya kamati karibu mwaka mzima: opereta aliye zamu anayapataje maelezo ya kiufundi yaliyo sahihi leo, na je, anayapata kabla mambo hayajaharibika?

Wengi mliowasilisha hoja hii mlizungumzia kasi. Mwongozo umo kabatini ofisini, ofisi imefungwa usiku, na mtambo hausubiri asubuhi. Ni kweli kabisa. Lakini ziara za kamati viwandani zimeonyesha kuwa kasi ni nusu tu ya tatizo, tena ile nusu nyepesi.

Kwa mwanachama mmoja tulikuta karatasi yenye ngozi ya plastiki imebandikwa kando ya paneli ya kompresa, ikiorodhesha viwango vya mtetemo na joto la mafuta. Kiwango cha kuzima mashine kilikuwa kimekatwa kwa kalamu na kingine kuandikwa juu yake, bila saini wala tarehe. Kwenye kompyuta ya wahandisi kulikuwa na namba ya tatu. Tulimuuliza opereta wa zamu anafuata ipi. Akasema humpigia simu fundi mmoja wa siku nyingi, naye humwambia. Hakuna aliyeshangaa pale. Siku simu ya fundi huyo isipopatikana, opereta atachagua mwenyewe kati ya namba tatu, saa nane ya usiku, mashine ikitetemeka.

Ndiyo maana kamati inashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kuondoa nakala za zamani. Kununua vishikwambi kuje baadaye. Opereta akikuta mara mbili kwamba waraka umepitwa na wakati, hataufungua tena hata ukiwa mfukoni mwake. Kila nakala iwe na namba ya toleo, tarehe na jina la mhusika anayewajibika nayo. Isiyo na hivyo ing'olewe ukutani.

Madhara ya data iliyozeeka yanajulikana. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mnara mmoja ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa, ukafurika, na mvuke wa kimiminika kilichomwagika ukalipuka. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Wachunguzi walikuta kuwa kipima kina cha mnara huo kilirekebishwa kwa karatasi ya data ya mwaka 1975, isiyolingana na kimiminika kilichokuwa ndani. Opereta aliona kina kikishuka polepole, chini ya mita tatu, ilhali kimiminika kilikuwa kimepanda zaidi ya mita 45. Maelekezo ya kuwasha nayo hayakuwa yamehuishwa. Mtu anaweza kuwa makini kiasi chochote, lakini akipewa kipimo cha uongo atafanya uamuzi wa uongo.

Kanuni ya usalama wa michakato ya viwandani iliyotolewa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini huko Marekani, mwaka 1992 inadai mambo mawili ambayo tumeyachukua kama kipimo chetu: maelekezo ya uendeshaji yawe mahali ambapo mfanyakazi anayafikia kwa urahisi, na mwajiri athibitishe kila mwaka kwamba bado ni sahihi. Sharti la pili ndilo linaloumiza. Kuthibitisha kunamaanisha mhandisi na opereta kutembea pamoja na mchoro mkononi, valvu kwa valvu, na kazi hiyo hakuna programu itakayowafanyia.

Kuhusu vifaa, nitakuwa mfupi. Msimbo wa QR kwenye kibao cha kila kifaa umefanya kazi vizuri kwa waliojaribu: unaskani, unapata mwongozo wa pampu ileile, si wa aina inayofanana nayo. Simu ya kawaida hairuhusiwi penye gesi zinazowaka, na vishikwambi vilivyoidhinishwa kwa maeneo hayo ni ghali na vizito. Katikati ya matangi ya chuma mtandao hukatika, kwa hiyo kifaa lazima kibebe nakala ndani yake, na hapo lile swali la toleo linarudi kwa mlango wa nyuma. Kionyeshe basi waziwazi mara ya mwisho kilipohuishwa. Na tafadhali, anayebuni skrini aijaribu akiwa amevaa glavu.

Wengine mmeuliza kuhusu programu za akili unde zinazojibu maswali. Msimamo wa kamati: zitumike kutafuta, zisitumike kuamua. Jibu lisiloonyesha waraka, ukurasa na toleo lake lisitumike kurekebisha presha wala joto la kitu chochote.

Tujihadhari pia na wingi. Mwaka 1994, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, maopereta wawili walimiminiwa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Habari zilikuwepo, tena kwa kasi ya ajabu. Aliyekosekana ni mtu anayeweza kuzisoma. Mwongozo wa kurasa mia nne unaofunguka mara moja bado ni mwongozo wa kurasa mia nne. Kwa hali za dharura, ukurasa mmoja wenye hatua za mwanzo unatosha.

Sasa nije kwenye kazi ambayo chama pekee ndicho kinaweza kuifanya. Septemba 1977, katika kinu cha nyuklia cha Davis-Besse, Ohio, valvu ya kupunguza presha ilikwama ikiwa wazi. Maopereta waliligundua hilo baada ya dakika 20 hivi. Funzo hilo halikuwafikia wenzao wa Three Mile Island, waliokuwa na kinu cha mtengenezaji yuleyule. Tarehe 28 Machi 1979 valvu yao ilikwama vilevile. Taa ya paneli ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetumwa, haikuonyesha kama valvu imefunga kweli, na zaidi ya saa mbili zilipita kabla mtu hajaziba njia ile. Kiini cha kinu kikayeyuka kwa sehemu. Kinu kimoja kilikuwa na jibu, kingine kilikuwa na tatizo, na hapakuwa na njia kati yao.

Kamati inapendekeza tuwe na njia hiyo. Mwanachama akikumbana na hitilafu, aandike ukurasa mmoja: kifaa gani, paneli ilionyesha nini, ukweli ulikuwa upi, nini kilisaidia. Jina la kiwanda lisitajwe. Bila hivyo mawakili wa waajiri watazuia kila kitu, na sioni sababu ya kujidanganya kwamba hawatazuia. Katibu atazikusanya na kuzisambaza kila mwezi.

Kuna malalamiko yaliyojirudia karibu kila tulikokwenda. Opereta huona kosa kwenye mchoro, hulizungushia wino mwekundu, hupeleka ofisini, kisha kimya. Baada ya muda huacha kuzungushia. Tunaomba mkutano upitishe kwamba kila alama nyekundu ijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni kwamba mchoro uko sawa, na kwamba mtambo uliofanyiwa mabadiliko usiwashwe kabla nyaraka zake hazijabadilishwa na zamu zote kujulishwa.

Mapendekezo hayo yatapigiwa kura baada ya hesabu kusomwa. Tunahitaji pia wajumbe wa kusimamia usambazaji wa taarifa za hitilafu, na ningependa angalau nusu yao wawe watu wa zamu ya usiku. Fomu ziko kwa katibu.