Kabla ya kuuliza kilomita, uliza udongo na upepo: safari zetu za baiskeli nje ya jiji la Tanga

Karibu kila mteja anayefika katika karakana yetu huanza na swali moja: safari ni kilomita ngapi? Ni swali la haki, lakini jibu lake hupotosha. Kilomita 40 za changarawe iliyoshindiliwa katikati ya mashamba ya mkonge mtu wa kawaida huzimaliza kabla jua halijawa kali, ilhali kilomita 15 za mchanga wa pwani zinaweza kummaliza yeye. Kwa kuwa tumewahi kurudisha mjini wageni waliokuwa hoi, wao na baiskeli zao wakiwa ndani ya gari la kubebea mizigo, tumeona ni heri tueleze hapa namna tunavyopanga njia, na kwa nini mara nyingine tunakataa kumkodishia mtu baiskeli kwa njia aliyojichagulia mwenyewe.

Njia inayoombwa zaidi ni ya kwenda Pangani, mwendo wa takriban kilomita 50 kuelekea kusini, unaopita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kisha Kigombe, kijiji cha wavuvi. Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa ya vumbi, na waendesha baiskeli waliipendea hilo hilo. Sasa imekuwa ikijengwa kwa kiwango cha lami, jambo ambalo sisi wenyeji tunalifurahia, maana mama mjamzito anayekimbizwa hospitali hana haja na changarawe. Hata hivyo, penye lami magari huongeza mwendo, na mgeni aliyekuja kutafuta utulivu wa shamba hujikuta akikaza macho nyuma kuliko mbele. Kwa sababu hiyo barabara kuu tunaitumia kwa vipande vifupi tu, na sehemu kubwa ya safari tumeihamishia kwenye njia za ndani, za vijiji na za mashamba ya mkonge.

Njia hizo za mkonge ni urithi wa ajabu. Mmea wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Jani likishakatwa halipaswi kulala shambani muda mrefu. Hupelekwa upesi kwenye korona, yaani mashine inayotenganisha nyuzi na nyama ya jani, ili lichakatwe lingali bichi. Ndiyo maana mashamba yaligawanywa kwa vitalu na kupasuliwa njia zilizonyooka, pana za kutosha kupitisha trekta na trela lake, na zilizoshindiliwa na uzito wa mizigo hiyo kwa miaka mingi. Mwendesha baiskeli anapata bure kile ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Lakini mashamba hayo yana wenyewe. Huwa tunaomba ruhusa kabla ya safari, mlinzi wa geti hupewa idadi ya watu tunaopita nao, na mteja haruhusiwi kuingia katikati ya mistari hata kama anataka picha tu.

Kuna na jambo la miba. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi, mgumu kama msumari, na wakati wa mavuno vipande vya ncha hizo hubaki njiani. Ukitoka mkonge ukaingia njia za vijiji, unakutana na mbigili. Tairi zetu zote tumezitia ule ute unaoziba tundu dogo lenyewe, na kiongozi wa msafara hubeba tyubu mbili, viraka, solusheni na pampu. Pamoja na hayo yote, pancha moja kwa siku tunaihesabu kuwa ni jambo la kawaida.

Udongo ndio unaotufanya tuahirishe safari. Udongo mwekundu hukauka mapema baada ya mvua, na siku inayofuata mara nyingi unapitika vizuri kuliko ulivyokuwa na vumbi. Upande wa Kiomoni na mapango ya Amboni, takriban kilomita 8 kutoka mjini, ardhi ni ya mawe ya chokaa, nayo haina tope kubwa, ingawa kuna kokoto zinazoteleza kwenye miteremko na malori ambayo lazima uyapishe. Mabondeni penye mfinyanzi mweusi ni habari nyingine kabisa: tope hujazana kati ya tairi na uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na mtu anabaki kuibeba baiskeli iliyopaswa kumbeba. Kwa hiyo wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia zenye mabonde tunazifunga, na katika vuli tunaamua asubuhi ya siku yenyewe. Mteja aliyelipa hachelewi kurudishiwa fedha au kupewa tarehe nyingine.

Kuhusu upepo wa tairi, tumewahi kubishana na wateja wanaotaka zijazwe hadi ziwe ngumu kama jiwe, kwa imani kwamba ndivyo zinavyokwenda kasi. Kwenye lami wana hoja. Kwenye changarawe tairi ngumu hurukaruka, huchosha mikono na huteleza kwenye kona, hivyo tairi zetu za milimita 40 tunazitia upepo wa psi 35 hadi 45 (kipimo cha mgandamizo kinachosomwa kwenye pampu) kulingana na uzito wa mwendeshaji, na penye mchanga tunaupunguza zaidi. Upana huo si ugeni kwetu, wala hatukuupata kwenye mbio za changarawe zilizoanza Maasai Mara mwaka 2021. Baiskeli za babu zetu, zenye tairi za inchi 28 kwa moja na nusu, zilikuwa na upana huo huo wa milimita 40 hivi, na zilibeba magunia ya nazi kwenye njia hizi hizi.

Upepo wa angani nao una zamu zake. Miezi ya kusi, msafara unaotoka Tanga kwenda Pangani hupambana nao usoni njia nzima, kwa hiyo tunawapeleka wateja Pangani kwa gari na kuwaacha warudi mjini wakisukumwa. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba, tunageuza: mnatoka Tanga kwa baiskeli na kurudi kwa gari. Nauli ya gari imo ndani ya bei katika majira yote mawili. Tunaondoka saa 12 asubuhi, kwa kuwa kuanzia saa 4 upepo wa baharini huongezeka na jua nalo huanza kuuma.

Anayetaka kuweka nafasi atupe urefu wake kwa sentimita, ili tumpangie fremu inayomfaa, na atueleze ni lini mara ya mwisho aliendesha baiskeli kwa saa mbili mfululizo. Maji aje nayo lita mbili. Madafu yapo njiani, lakini si kila siku mkwezi huwa amepanda.