Ile chupa yako nimeifukia

Moshi, Soweto
Alhamisi usiku

Mama Glory mpendwa,

Habari za Arusha, za watoto, za biashara? Huku wazima, mguu wa mama umepona, sasa anatembea hadi kanisani bila mkongojo. Mvua bado, mlima uko wazi wiki nzima. Najua ni muda mrefu sijakuandikia, na leo ningeweza kupiga simu tu. Nimeshika simu mara mbili nikaiweka chini. Nikikueleza kwa simu utanikatiza, mimi nitalainika, tutaishia kwenye habari za Mama Pendo na kwaya yake. Kwa hiyo naandika. Naomba unisome mpaka mwisho ndipo unipigie.

Ile chupa ya sosi ya saumu uliyompa shemeji aniletee, nimeifukia. Hatukuionja hata kidogo.

Usikasirike kwanza. Shemeji alifika hapa Jumanne saa tisa alasiri. Alitoka Arusha asubuhi, akasimama Usa River, akasimama tena Boma Ng'ombe kupakia mbao, mwendo wa kilomita 80 ukamla siku nzima. Chupa ilikuwa mbele kwenye kioo cha gari, juani. Nilipoishika ilikuwa ya moto kama kikombe cha chai. Mafuta yamepanda juu vidole viwili, chini kimebaki kitu kizito cheupe, na harufu ya saumu inakufikia kabla hujagusa kifuniko. Eliya alikuwa ameshatoa ndizi kwenye jiko la mkaa, ameishika kwa kitambaa, anangoja nimpakie. Nikamwambia subiri. Nikamuuliza shemeji, hii imetengenezwa lini? Akasema Ijumaa, na nyingine kama kumi na mbili ziko pale kaunta dirishani, wateja wanazinunua waende nazo nyumbani.

Ijumaa mpaka Jumanne, Mama Glory. Dirishani!

Nikachukua jembe nikaenda nyuma kwenye migomba, mbali na kuku, nikachimba shimo la kufika kwenye kiwiko nikaifukia na kifuniko chake. Eliya alinuna mpaka usiku. Aliniambia, "Mama, lakini haijaharibika, inanukia vizuri." Nami hilo ndilo lililoninyima usingizi, maana mtoto alisema kweli, ilinukia vizuri.

Unakumbuka nilipokuwa jikoni kule hotelini, walituletea mtu wa kutufundisha usafi wa chakula. Mengi aliyosema nilikuwa nayajua kwa mama, kunawa mikono, kibao cha nyama mbali na cha mboga. Lakini alitusimulia kisa kimoja ambacho hakijawahi kunitoka. Mwaka 1985, Vancouver huko Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa mmoja. Kilichowaumiza kilikuwa saumu. Ilikatwakatwa, ikatiwa mafuta kwenye chupa, na chupa hazikuwekwa kwenye friji. Wengi wao walitibiwa kwanza kwa magonjwa mengine, kwa sababu hakuna aliyefikiria saumu. Nani angefikiria? Sisi saumu ndiyo tunampa mtu akiwa na mafua.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Kuna bakteria anaishi kwenye udongo, na saumu inatoka kwenye udongo. Mbegu zake ni ngumu, maji ya kuchemka hayaziui. Penye hewa hazioti. Sasa ukiisaga saumu ukaizamisha kwenye mafuta, umeziba hewa yote. Ukaongeza joto la dirishani, hapo zinaamka na kutoa sumu. Sumu yenyewe haina harufu, haina ladha, haibadilishi rangi. Mtu anaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinashuka zenyewe, ulimi unakuwa mzito, kumeza shida, na ikizidi hata pumzi inakata. Hospitali wana dawa yake, lakini inabidi kwanza wajue ni nini, na mgonjwa afike mapema.

Utaniambia unaweka ndimu. Najua, ninaisikia kwenye ladha yako. Viwandani nao wanaweka uchachu, lakini wao wanaupima kwa kifaa mpaka ufike kiwango ambacho yule mdudu hawezi kuota. Sisi tunaweka ndimu kwa kuonja na ulimi. Halafu mayai yako manne mabichi, hayo nayo kwenye joto la siku nne ni habari nyingine ya tumbo ambayo sitaki hata kuianza.

Sikuandikii haya ili uache, nakuomba sana usinielewe vibaya. Ile sosi ndiyo iliyowaleta watu kwako. Nyama choma inauzwa kila kona kuanzia Sakina mpaka Njiro, kachumbari ipo, pilipili ipo, lakini watu wanavuka barabara kuja kwako kwa sababu ya kile kijibakuli cheupe. Nilikuona siku ile ya kwanza ulivyokuwa ukimwangalia yule mzee akikichovya kipande cha ubavu, anafumba macho. Nilifurahi kama ni mimi niliyekitengeneza. Ndiyo maana nasema kitengeneze vizuri, kidogokidogo, na kikae baridi.

Na mayai yaondoe kabisa, huyahitaji. Nikueleze alivyonifundisha yule mpishi wa Unguja niliyefanya naye kazi. Yeye haiiti saumu, anaiita thomu, na siku moja akaniambia Walebanoni wana sosi yao ya kulia kuku wa kuchoma, jina lake toum, maana yake ni saumu tu, neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua sisi huku. Ndani yake mna vitu vinne: saumu, chumvi, mafuta na ndimu. Inatoka nyeupe pe, nzito, unaigeuza bakuli na haimwagiki. Mimi sikuamini mpaka nilipoiona.

Chukua glasi moja ya punje zilizomenywa. Kila punje ipasue katikati, na ukikuta kile kichipukizi cha kijani kitoe, kinaleta uchungu. Kazi hiyo inachosha, mpe Glory. Tia chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, saga mpaka iwe laini kabisa, unasimama, unakwangua pembeni, unasaga tena. Usiwe na haraka hapo. Saumu ikibaki chengachenga mafuta hayatakuwa na pa kushika. Kisha glasi tatu za mafuta ya alizeti, blenda ikiwa inazunguka, uyamimine membamba kama uzi. Nasema uzi, Mama Glory, si kama unavyomimina kwenye sufuria ya maandazi. Ukishatia kama nusu glasi weka kijiko cha ndimu, urudi kwenye mafuta, tena ndimu, mpaka ndimu yote robo glasi iishe. Blenda ikipata moto izime ipoe, maana joto linaikata sosi. Mama Pendo alijaribu kwa mafuta ya zeituni ya bei mbaya, ikatoka chungu hailiki, akalaumu saumu. Mafuta ya zeituni yale mazito yakisagwa kwa kasi yanatoa uchungu. Alizeti inatosha, tena ya kwetu.

Ikikukatikia, mafuta yakaachana na saumu, usiitupe. Saga punje tano mpya na chumvi, au ponda kipande cha kiazi mviringo kilichochemshwa kikapoa, halafu ile iliyokatika uimimine humo polepole kama ndiyo mafuta. Itashika.

Na umeme ukikatika, kipo kinu. Siku ya ndafu kwa baba mdogo kule Kibosho giza liliingia saa kumi na mbili na nusu na umeme haupo, mbuzi ameshaiva, wazee wamekaa. Nikachukua kinu kidogo cha mama cha iliki, vichwa viwili vya saumu, chumvi, nikaponda kwa mwanga wa simu ya Eliya. Mwanzo unasikia chwa, chwa, maji maji. Unaendelea, unadondosha mafuta kwa kijiko cha chai, unazungusha mchi upande mmoja tu. Mkono unauma. Halafu ghafla sauti inabadilika, inakuwa nzito, na ukiuachia mchi unasimama wenyewe katikati ya kinu. Yule babu wa Rau alichovya nyama yake, akachovya na ndizi, halafu akauliza kama kuna nyingine. Haikubaki hata ya kulamba, na hivyo ndivyo ninavyotaka sosi hii iishe, pale pale, siku ile ile.

Jambo lingine, kabla sijasahau. Shemeji alisema kijana wako wa jikoni anaipaka kwenye nyama ikiwa bado juu ya mkaa. Mkataze. Saumu inaungua haraka kuliko nyama, inakuwa nyeusi na chungu, halafu mafuta yakidondoka kwenye mkaa moto unaruka. Nyama iive, itoke, ipumzike, ikatwe, ndipo sosi iwekwe pembeni.

Narudi kwenye zile chupa kumi na mbili. Najua zimekugharimu. Najua na lebo ulichapisha, shemeji alinionyesha, nzuri kweli, na jina la Glory limeandikwa kwa rangi ya kijani. Lakini naomba uzitoe dirishani kesho asubuhi, kabla hujafungua. Usizirudishe kwenye friji ukidhani zitapona, maana sumu ikishaingia friji haiitoi. Zifukie na vifuniko vyake kama nilivyofanya. Zilizouzwa, kama unawajua walionunua, wapigie simu. Itakuwa aibu ya siku moja. Mimi ningependelea mteja aniambie "kumbe unatujali" kuliko nisikie... basi, sitaki kuandika hilo.

Kuanzia hapo tengeneza Ijumaa mchana ya kukutosha usiku ule, iliyobaki iingie kwenye friji mara moja, digrii 4 au chini ya hapo, na ikifika siku ya nne imwage hata kama inang'aa. Mezani toa kijibakuli kidogo kwa kila sahani, kisirudi jikoni. Wakitaka ya kwenda nayo nyumbani, wape ya siku ile kwenye kikopo kidogo, uwaambie iingie friji na iliwe kesho. Kuuza chupa za kukaa rafuni hatuwezi bado, labda siku moja tukapata mtu wa SIDO, wale wa viwanda vidogo, au wa TBS, wale wa viwango, atueleze vipimo vyake. Nitakusindikiza mwenyewe, niko tayari kukaa benchi nao siku nzima.

Kuna na ombi langu. Kipaimara cha Eliya ni mwezi ujao, Jumapili ya pili. Baba mdogo anatoa mbuzi wawili, mmoja ndafu, mwingine wa kuchoma. Watakuja watu wa Machame wote, na wa Kiborloni, unawajua walivyo. Nataka uje wewe ufanye sosi. Hapa hapa jikoni kwangu, asubuhi ile ile, siyo ije na gari. Njoo Jumamosi ulale. Ukipita Kilombero niletee kilo mbili za saumu ya Mbulu, ile ya punje ndogo na kali, usichukue ile mikubwa myeupe inayotoka nje, kumenya ni rahisi lakini ukali wake nusu. Tazama zisiwe zimeanza kuchipua. Mafuta usibebe, nina dumu la lita kumi. Blenda yako njoo nayo, yangu inapata moto kabla ya glasi ya pili. Ndimu zipo kwa jirani mti mzima.

Halafu Eliya anakudai. Amesema kwa kuwa mama amefukia ya kwake, Mama Glory atamtengenezea bakuli lake peke yake asiloligusa mtu.

Sasa niambie. Zile chupa umezitoa? Kuna yeyote aliyenunua aliyelalamika macho au kumeza, hata kidogo? Kama yupo, aende hospitali leo, na awaambie alikula saumu ya kwenye mafuta. Friji yako ile iliyokuwa inagoma ulishaitengeneza, au ndiyo sababu chupa zilikaa dirishani? Kama ni friji, kwa nini hukuniambia? Nina ile ndogo ya mama imekaa bure tangu alipohamia huku, shemeji akirudi na mbao ataibeba. Glory anaendeleaje na hesabu? Na wewe mwenyewe unalala saa ngapi siku hizi? Shemeji alisema unafunga saa nane usiku na saa kumi na mbili uko sokoni. Ni kweli?

Nipigie ukimaliza kusoma, hata kama ni usiku. Nitakuwa macho.

Wako,
Mama Eliya