Hela ya utafiti wa gesi isiishie kwenye semina

Ndugu Mhariri,

Foleni ya bajaji na teksi kwenye vituo vya kujaza gesi hapa Dar kila mtu anaijua, dereva kalala kwenye siti mguu nje, akishtuka wenzake washasogea anaanza kusukuma kwa mkono ili asiwashe injini. Gesi yenyewe tunayo jamani, ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaja kuzalisha umeme Ubungo 2004, miaka 30 yote hiyo tumeikalia, halafu bomba la kutoka Mtwara likaja 2015.

Sasa kuna watu wanasema utafiti wa gesi waachiwe wawekezaji, hela ya serikali ikanunue dawa. Dawa sawa, lakini hawa wawekezaji wanatafiti kitu chenye faida ya karibu tu. Marekani hii gesi yao ya kwenye miamba ya shale (tope lililogeuka mwamba), serikali ndo ilianza kuweka hela ya utafiti 1976 kipindi makampuni mengi hayana habari nayo, wakachimba visima vya majaribio, wataalamu wa serikali kule Morgantown wakapima, matokeo yakawekwa wazi. Faida kubwa imekuja kuonekana zaidi ya miaka 20 baadaye. Na sio kwamba wao hawachemki, ule mradi wao wa FutureGen wa kuzalisha umeme wa makaa ya mawe bila kuachia hewa ukaa ulitangazwa 2003 kwa mbwembwe, 2015 serikali ikakata hela, kituo hakijajengwa mpaka leo.

Kwetu vichwa vipo, Chuo Kikuu cha Dar wapo, DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar, ndo kabisa wanafunga mifumo ya gesi kwenye magari. Wapewe hela kupitia COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wajibu maswali ya mtaani, mfano mtungi wa gesi wa bajaji ukae wapi abiria asikose pa kuweka kiroba chake, au kompresa (mashine ya kushindilia gesi) gani itavumilia umeme wetu huu wa kukatika katika. Hata kwenye mitambo ya umeme wa gesi kuna kazi. Kinyerezi II joto la moshi linachemsha maji, mvuke unazungusha mtambo mwingine, unapata umeme zaidi kwa gesi ileile, ila Kinyerezi I ilijengwa bila hiyo, joto linapotea juu, kwa nini vijana wetu wasipewe wapige hesabu inalipa au hailipi?

Na ripoti zitoke kwa Kiswahili, zisifungiwe kabatini, fundi wa gereji Tandale naye azisome.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam