Shairi la majonzi lianze na kibwagizo

Mhariri,

Mwenye huzuni huambiwa aandike, ila haambiwi aanzie wapi, na karatasi tupu humzidishia uzito. Tunashauri ashike tarbia: mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani (silabi) 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili). Kuhesabu silabi huipa akili kazi ndogo ya kushika huku moyo ukisema yake.

Aandike kwanza kibwagizo, yaani lile jambo moja linalomrudia kichwani, kisha alirudie mwisho wa kila ubeti. Vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa kila nusu, viwe vyepesi, kama -ni, -ka au -wa. Anayeng'ang'ania -dhi hukwama ubeti wa pili, akabaki kusaka maneno badala ya kutoa dukuduku lake.

Ahesabu kwa vidole, kwa sauti. "Mtoto" ni mizani tatu, "mwana" ni mbili. Hapa ndipo wengi huteleza, na mizani moja ikizidi tu mshororo hauimbiki. Kisha aghani polepole, avute pumzi kila afikapo kina cha kati. Pumzi hiyo ndefu hutuliza mwili, pengine kuliko maneno yenyewe (washairi wenzetu watatusamehe). Sauti ikikatika, anyamaze kidogo, aendelee. Beti tatu zatosha kwa siku.

Ombi letu kwa ukurasa wako wa mashairi: shairi la namna hii likija na kina kimoja kilichopotoka, msilitupe. Mwonyesheni mtunzi penye kasoro, arekebishe mwenyewe.

Wapenzi wa ushairi