Shoga, huyu mbunge anafanya nini wiki nzima

Mwanaidi shoga angu,

Hujambo? Mama anaendeleaje na mguu? Huku sisi wazima, baridi tu ndo haitaki kuisha. Voisi noti zako nimezisikiliza zote, ile ya mwisho imenichekesha mpaka mtu wa pembeni kanigeukia, eti huyu bosi wangu, mbunge wa Bunge la Ulaya ninayemsaidia kazi, si kula posho na kupiga meza tu ndo kazi yake? Sa leo niko kwenye treni, muda ninao, acha nikuandikie yote maana kila mtu huko nyumbani ananiuliza na mi nimechoka kurudia.

Kwanza jua huku wiki hazifanani. Bunge la Ulaya lina kalenda ya rangi, nyekundu ni kikao cha bunge zima, pinki ni kamati, bluu ni makundi ya vyama, yani vyama vya nchi tofauti vyenye msimamo unaofanana vinakaa kundi moja, na ile ya kijani ya bahari ndo wanaachiwa waende kwa wapiga kura au safari za nje. Ukimuuliza msaidizi wa mbunge wiki ijayo vipi hakutajii tarehe, anakwambia “pinki”, basi umeelewa kila kitu. Hii ya sasa nyekundu, kwaiyo tunaenda Strasbourg.

Na hapo ndo pana kichekesho. Ofisi ziko Brussels, kamati zinakaa Brussels, sisi wote tumepanga nyumba Brussels, lakini makao rasmi ya bunge ni Strasbourg, Ufaransa, zaidi ya kilometa 400 huko, na mara 12 kwa mwaka wabunge 720 na wasaidizi na wakalimani na watumishi tunahama tunakaa siku nne tunarudi. Kila ofisi ina boksi lake, Ijumaa unajaza makaratasi unaliacha koridoni, malori yanabeba usiku, Jumatatu unalikuta mlangoni kwako Strasbourg kama limetembea lenyewe. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walishapiga hesabu mwaka 2014 wakasema wakihamia Brussels moja kwa moja wangeokoa kama euro milioni 114 kila mwaka. Na usifikiri wabunge wanapenda, mwaka 2013 walipiga kura wengi wakataka waachiwe wajichagulie pa kukaa, haikusaidia kitu, sababu jambo lenyewe liko kwenye mkataba na kubadili mkataba lazima nchi zote 27 za Umoja zikubali, Ufaransa ikiwemo. We unaiona Ufaransa inakubali? Historia yake naielewa, mji uko mpakani, Wafaransa na Wajerumani wamenyang'anyana sana, ukiweka bunge hapo unasema vita basi. Ila mgongo wangu hauelewi historia.

Jumatatu saa kumi na moja jioni kikao kinafunguliwa, afu usiku kabisa kuna zile hotuba za dakika moja moja, mbunge anasema lolote linalomuuma. Dakika moja Mwanaidi! Dodoma mtu anaanza Mheshimiwa Spika nimshukuru Mwenyezi Mungu, amshukuru Rais, amshukuru waziri na naibu wake, wapiga kura wa jimbo lake, mke na watoto, huku angekuwa ameshakatwa maiki kabla hajafika kwa naibu waziri. Na anayeongea anaongea na viti. Nilipoanza nilishtuka, bosi kasimama anatoa hotuba kali mkono hewani, ukumbini watu labda thelathini na nusu yao wako kwenye simu. Baadae nikaelewa, haongei na ukumbi, anaongea na kamera, kesho yake mi nakata klipu narusha wale wa nyumbani kwake waione. Wanaoteseka ni wakalimani, lugha rasmi ziko 24, na mbunge mwenye dakika moja anasoma mbio kama anafukuzwa, mkalimani kwenye kile kibanda cha kioo anahema.

Kura ndo inajaza ukumbi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi kuanzia mida ya mchana kila mtu anakimbilia kitini, na hapa ndo kazi yangu ilipo. Mswada mmoja unaweza kuja na marekebisho mamia, kila moja linapigiwa kura peke yake, mengine wanalikata vipande viwili vitatu kila kipande kura yake. Sa nani anakumbuka yote hayo? Kuna orodha, kundi la chama linaiandaa usiku, namba ya rekebisho na pembeni yake alama ya kujumlisha, ya kutoa, au sifuri. Mbele kabisa ukumbini anakaa mmoja wa kundi anaonyesha dole gumba juu au chini, wengine nyuma wanafuata. Mwenyekiti anaenda speedi, wanaokubali, wanaokataa, wasiofungamana, imepita, inayofuata. Nyingi ni mikono tu, zile nzito ndo za kubonyeza kidude chenye kadi na jina lako linabaki kwenye rekodi. Mi nakaa na bosi jana yake tunapitia orodha mstari kwa mstari, pale anapotofautiana na kundi lake tunazungushia kalamu nyekundu, maana akipitiwa tu ameshapiga kura kinyume na alichowaahidi watu wake. Hakuna anayemfukuza kwa kutofautiana, ila akizidisha siku ya kugawana kazi nzuri watamsahau.

Posho ipo ndio usinizomee. Mwaka 2024 ilikuwa euro 350 kwa siku, unasaini ndo unapata, lakini siku za kura kubwa kwenye bunge zima ukikosa zaidi ya nusu ya kura za majina inakatwa nusu. Mshahara nao unapita euro elfu kumi kwa mwezi kabla ya kodi. Hela ya kutulipa sisi wasaidizi haipiti mkononi kwao, bunge linatulipa lenyewe, na kwa hilo nasema alhamdulilahi.

Sasa ukiniuliza kazi hasa inafanyika wapi, si huko Strasbourg kwenye bendera. Ni wiki za pinki, Brussels, kwenye vyumba vidogo visivyo na dirisha. Mswada ukija kamati inampa mbunge mmoja faili alisimamie, na kila kundi lingine linaweka mtu wake wa kumfuatilia, yani mbunge kivuli. Hao saba wanane na wasaidizi wao ndo wanakaa wiki kwa wiki wanabishana neno moja, liwe “lazima” au “inafaa”. Afu wanaenda kwenye vikao vya pande tatu, bunge, baraza la serikali za nchi, na Tume ya Ulaya inayoandaa miswada, vingine vinafika alfajiri, na mwananchi wa kawaida haviangalii popote. Mi hilo linanikera mpaka leo, zile hotuba za viti vitupu zinarushwa live kwa lugha zote, lakini pale ambapo sheria inapikwa mlango umefungwa. Bosi anasema mlango ukiwa wazi hakuna atakayelegeza msimamo. Labda, bado inanikera.

Na usidhani mambo yao hayatuhusu. Ile sheria ya ukataji misitu bunge liliipitisha Aprili 2023, anayeuza kahawa Ulaya aonyeshe shamba liko wapi kwenye ramani na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya mwisho wa 2020. Wameshaisogeza mbele zaidi ya mara moja, lakini haijafutwa, kwaiyo wajomba zako wa Moshi waulize chama chao cha ushirika kama mashamba yameshapimwa. Wakenya nao mkataba wao wa biashara ulipitia humuhumu Februari 2024, maua na maharage yao yanaingia bila ushuru.

Afu kuna yale maazimio ya haki za binadamu, Jumatano jioni mjadala Alhamisi kura. Unakumbuka kelele za Septemba 2022 za bomba la mafuta, lile linalotoka Hoima, Uganda mpaka kwetu Chongoleani, Tanga, Kampala walikasirika kweli. Na Mei 2025 wakapitisha la kukamatwa kwa Tundu Lissu. Siku ile simu yangu haikulala, nusu ya ndugu wananipongeza nusu wananitukana, kana kwamba mimi ndo nimeandika. Nikawaambia wote, azimio si amri, halifungi mtu wala halifungui mtu. Ila mabalozi wanasoma, na siku ya kujadili msaada mtu analitoa mkobani.

Alhamisi kura ikiisha ukumbi unamwagika, wote na mabegi ya magurudumu kuwahi treni. Ijumaa bosi yuko jimboni kwake, shule, kiwanda, mkutano wa chama, na watu wanamuuliza barabara na hospitali, mambo ya serikali yao wala si ya Brussels, na yeye anaitikia tu, eti ataenda amwambie waziri. Watoto wake anawaona Jumamosi.

Haya, kuhusu kuja kwako. Agosti usije, bunge limefungwa na mji mzima umeenda likizo. Njoo Septemba, rais wa Tume, Ursula von der Leyen, anakuja Strasbourg kutoa hotuba ya hali ya Umoja na siku hiyo ukumbi unajaa kweli, nitakuombea nafasi juu kwa wageni, kuingia bure ila pasipoti usiisahau. Viza anza kuishughulikia sasa hivi mwaya, usingoje Julai. Na uniletee ubuyu, ule mwekundu wa Zanzibar, si ule wa kwenye pakiti.

Msalimie mama na wote,
Wako Zuhura